Akiondoka, Shamba Linarudi kwa Nani?

Si siku nyingi zilizopita nilialikwa, kama wazee wastaafu wanavyoalikwa, kwenda kukaa chini ya turubai katika uwanja wa shule. Kiongozi mmoja alikuwa anakuja kuzungumza na wananchi. Tulipangwa viti vya mbele, tukapewa maji ya chupa, ngoma ikachezwa, na watoto wakaimba wimbo waliofundishwa juma zima badala ya hesabu. Kisha mgeni wetu alisimama, akasema neno ambalo nilijua atalisema kabla hajafungua kinywa: "Ndugu wananchi, kaeni mkao wa kula. Wawekezaji wanakuja!"

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, maana mkono wa mzee umezoea adabu. Lakini moyoni nilijisikia vibaya, kwa sababu neno hilo hilo niliwahi kulisema mimi mwenyewe, katika uwanja kama ule, nikapigiwa makofi kama yale. Ndiyo maana naandika sura hii, nikiwa na miaka zaidi ya sabini na sina cheo cha kugombea wala mkubwa wa kumwogopa. Nataka kubishana na neno hilo, na kabla sijambishia mtu mwingine hapana budi nijibishie mwenyewe.

Hoja yangu ni fupi. Mikoa yetu ya kusini mwa Tanzania, Lindi na Mtwara, haijawahi kukosa wageni wenye fedha. Walikuja kabla sijazaliwa, wakaja nikiwa mtoto, wakaja nikiwa mwalimu, na wanakuja sasa nikiwa babu. Kama kuja kwao peke yake kungetosha kutupa kazi na maisha mazuri, leo vijana wetu wasingekuwa wanapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kuuza soksi barabarani. Basi swali tulilozoea kuwauliza viongozi wetu, "Mwekezaji atakuja lini?", ni swali bovu. Swali zuri niliulizwa mimi na bibi mmoja mwaka 2007, nikalicheka. Nitalifikia.

Nianze na karanga. Kila mtu wa rika langu aliyezaliwa karibu na Nachingwea alikua akisikia habari zake. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Wakubwa wa London wakaamua kwamba Tanganyika itawalimia karanga. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na huku kwetu Nachingwea. Walikusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, wakaleta hata vifaru vilivyogeuzwa matrekta. Lakini pori halikuwa jepesi kama lilivyoonekana katika ramani, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, na mvua haikusoma ratiba ya mzungu. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, na kiasi cha pauni milioni 36 kikahesabiwa kuwa kimepotea.

Marehemu baba yangu alikuwa utingo katika lori la mpango huo. Alikuwa akitusimulia jinsi wenyeji wa Nachingwea walivyoshangaa. Hakuna aliyewauliza mvua za huku zinaanza lini na zinakatika lini, ingawa watu hao hao walikuwa wakilima karanga zao kando ya nyumba zao na kuzila. Baba alipata mshahara miaka michache, akanunua baiskeli na cherehani. Kisha mshahara ukaisha, baiskeli ikachakaa, akarudi kwenye jembe.

Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea. Baada ya uhuru, reli ikaonekana haina mzigo wa kubeba, ikang'olewa. Nilikuwa mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, na nakumbuka tulivyokuwa tukitembea juu ya tuta lililobaki bila vyuma, tukijifanya treni. Bandari haikung'oleka. Ipo hadi leo, na inapitisha korosho na saruji ambazo waliochimba gati lake hawakuziota. Naomba msomaji aiweke kumbukumbu hiyo kiporo, maana nitairudia: karanga ziliondoka na wenyewe, bandari ikabaki kwetu.

Mgeni wa pili nilimwona kwa macho yangu. Nilimaliza chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 70. Siku zile Elimu ya Kujitegemea aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967 ndiyo ilikuwa dira ya kila mwanachuo, na tuliamini kabisa kwamba mtoto atoke shuleni akiwa anajua kushika jembe na kitabu. Korosho ndiyo ilikuwa fahari ya kusini. Katika msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa wakubwa wa zao hilo duniani. Serikali ikaona, na ni kweli iliona sawasawa, kwamba ni ujinga kuuza korosho ghafi India wakabangue wao na faida wachukue wao. Basi ikakopa, sehemu kubwa kutoka Benki ya Dunia, na viwanda vikubwa 12 vya kubangua vikajengwa kwa mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani.

Mke wangu alifanya kazi katika kimojawapo. Alikuwa akirudi jioni vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda, maana mafuta ya ganda la korosho yanaunguza kama tindikali. Lakini alikuwa anarudi na mshahara. Ipo miezi alinipita mimi mwalimu, na mimi sikuona aibu kuutumia. Kina mama wengi wa mtaa wetu walijenga nyumba za bati kwa kazi ile.

Hata hivyo wakati mitambo inafungwa, korosho zilikuwa zinapotea. Mwaka 1974 wakulima walihamishiwa vijijini, mikorosho yao ikabaki mbali, porini. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Kisha ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, maua yakawa yanapauka na kukauka kabla hayajashika tunda. Kufika katikati ya miaka ya 80 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vyenye uwezo wa kubangua tani zaidi ya laki moja vikakaa vikitazamana na maghala matupu. Mke wangu aliambiwa asubuhi moja arudi nyumbani, ataitwa. Hakuitwa mpaka alipozeeka.

Baadaye viwanda vile vikabinafsishwa. Tukaambiwa mwekezaji atavifufua. Vingine viligeuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Nilipita siku moja penye kiwanda alichofanyia kazi mke wangu nikaona magunia yamepangwa hadi darini mahali palipokuwa na meza za wabanguaji. Hakuna mtu aliyevunja sheria. Mwenye kiwanda alipiga hesabu akaona ghala linalipa kuliko kubangua, basi akaweka ghala. Mfanyabiashara hakuja kutufanyia sadaka, na sioni haki ya kumlaumu kwa hilo. Wa kulaumiwa ni yule aliyempa kiwanda bila kumfunga kwa sharti lenye meno.

Tazama hesabu yenyewe, ndugu msomaji, maana mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu na siwezi kuiacha. Kilo moja ya kiini cha korosho hutoka katika kilo 4 au 5 za korosho ghafi. Maana yake ni kwamba ukipakia korosho ghafi kwenda India au Vietnam, sehemu kubwa ya mzigo unaoulipia nauli ni maganda. Tunasafirisha maganda baharini, na pamoja na maganda hayo tunasafirisha ajira ya binti wa Newala na wa Tandahimba. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, mara mbili ya ile fahari ya 1973/74, na nyingi mno ziliondoka hivyo hivyo na maganda yake. Msimu uliofuata, wanunuzi walipotoa bei ambazo wakulima walizikataa, serikali ilitangaza Novemba 2018 kwamba itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaitwa kusomba mzigo. Nilijiuliza wakati ule: nchi inayoweza kutuma jeshi kubeba korosho, imeshindwaje kwa miaka arobaini kuzibangua?

Sasa nifike kwenye swali la yule bibi.

Mwaka 2007 nilikuwa mwalimu mkuu katika kijiji ambacho sitakitaja. Yalikuja magari mawili makubwa, na wageni ndani yake pamoja na ofisa mmoja. Walitaka ardhi ya kulima mibono kaburi, ile miti ambayo huku kwetu tunaipanda kuzungushia makaburi na zizi. Walisema mbegu zake zitatoa mafuta ya kuendeshea magari ya Ulaya. Walitaka ekari 600. Waliahidi zahanati, kisima kirefu, madarasa mawili na kazi kwa watu 300.

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika chini ya mwembe wa shule yangu. Mwenyekiti wa kijiji alinipa karatasi zilizoletwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa najua Kiingereza kuliko wengine. Zilikuwa kurasa kumi na moja. Nilisoma ya kwanza na ya mwisho. Zile tisa za katikati nilizipitia kwa kidole tu, huku wageni wakitazama saa. Kisha nikasimama, nikawaambia wazee wangu kwamba mkataba ni mzuri, na kwamba maendeleo hayaji kwa miguu yake, yanakaribishwa. Kwa kweli mimi nilikuwa nafikiria madarasa mawili. Nilikuwa na watoto wa darasa la tatu wanaosomea chini ya mkorosho, na mvua ikinyesha nawarudisha kwao.

Ndipo bibi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma na wajukuu zake akanyoosha mkono. Akasema, "Mwanangu Mwalimu, nimekusikia. Nataka kuuliza kitu kimoja. Akiondoka, shamba linarudi kwa nani?"

Nikacheka. Watu wakacheka. Nikamjibu, "Bibi, mgeni hata hajakaa, wewe unamuuliza habari ya kuondoka?" Wakacheka zaidi. Mikono ikanyooshwa, ardhi ikapita.

Kazi ilikuwepo, sitasema uongo. Kwa miaka miwili vibarua walilipwa shilingi 2,500 kwa siku kung'oa visiki na kupalilia. Wavulana wangu wa darasa la sita na la saba walianza kutoroka shule, na baba zao wakaniambia, "Mwalimu, wewe mwenyewe ndiye uliyewakaribisha." Kisima kilichimbwa kikatoa maji ya chumvi. Madarasa yaliishia kwenye msingi. Mwaka 2009, fedha zilipoadimika huko Ulaya, magari yaliondoka siku moja na hayakurudi. Vibarua walikuwa wanadai mshahara wa miezi miwili. Wanadai mpaka leo, na baadhi yao wamekwisha kufa.

Kijiji kikasema, basi tugawane ekari zetu turudi kulima ufuta. Hapo ndipo nilipokwenda kusoma kile ambacho ningesoma mwanzo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi ya kijiji ikitakiwa kwa jambo kama hilo, huhamishwa ikawa ardhi ya jumla. Ikiwa haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ekari 600 hazifiki hekta 250. Wageni wale walijua kupima. Maana yake ni kwamba kauli ya mwisho ilikuwa yetu sisi, pale chini ya mwembe, na tuliitoa kwa kicheko. Na ardhi ikishahamishwa, mwekezaji akifilisika hairudi kijijini yenyewe. Inabaki ya jumla, mpaka mamlaka iamue vinginevyo. Tuliandika barua. Nilizinakili kwa mkono wangu mwenyewe, nne. Hatukujibiwa. Miaka kadhaa baadaye likapigwa bango jipya katika shamba lile, lenye jina la mtu ambaye kijijini hajulikani.

Bibi yule alifariki kabla sijamwomba radhi. Wajukuu zake, ambao nimewafundisha, wanatembea karibu saa mbili kwenda kulima, wakipita kando ya pori ambalo babu zao walizikwa pembeni yake. Hakuna hata mmoja aliyenilaumu mbele yangu. Wananiamkia kwa heshima, na heshima hiyo inaniuma kuliko tusi.

Nimesimulia habari hii si kwa kutaka kuhurumiwa. Nimesimulia kwa sababu kila nikisikia kiongozi akisema wananchi hawana elimu ya uwekezaji, namkumbuka yule bibi. Hakujua kusoma, na katika mkutano wote ule yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali ambalo mwanasheria angeuliza. Mwenye elimu nilikuwa mimi.

Baada ya karanga, korosho na mibono ikaja gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, na kuanzia 2010 ikagunduliwa nyingi zaidi katika kina cha bahari. Watu wa kusini wakaambiwa Mtwara itakuwa kama Dubai. Kisha wakasikia kwamba gesi itasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Mwishoni mwa 2012 waliandamana wakisema gesi haitoki, na Januari na Mei 2013 pakatokea ghasia Mtwara na Masasi. Nyumba na ofisi zilichomwa, watu walikufa, jeshi likaingia. Bomba lenyewe, la zaidi ya kilomita 500, lililojengwa kwa mkopo wa China, lilizinduliwa Oktoba 2015.

Mimi sikubali kuchoma nyumba ya mtu. Nilisema hivyo wakati ule, nikaitwa msaliti na vijana niliowafundisha kusoma. Lakini pia sikubaliani na wale waliosema kwamba watu wa kusini walikuwa wachoyo wanaotaka gesi ya taifa iwe yao peke yao. Kijana wa Mtwara alikuwa amehadithiwa habari za reli iliyong'olewa na kiwanda kilichogeuka ghala. Alipoona mabomba yanafukiwa kuelekea kaskazini, aliona hadithi ya babu yake inajirudia mbele ya macho yake. Kama mkataba ungewekwa wazi mapema, na mtu mzima akaja kukaa naye chini kumweleza kitakachobaki Mtwara ni nini, kwa tarakimu na kwa tarehe, pengine pasingemwagika damu. Sheria ya mwaka 2015 ya uwazi katika madini, mafuta na gesi imesema mikataba ichapishwe. Mimi nilikaa na mkataba mkononi nikaruka kurasa tisa, basi siwezi kuidharau sheria kama hiyo. Lakini karatasi iliyochapishwa ikawekwa Dodoma, kwa Kiingereza, haijamfikia mtu wa Msimbati.

Najua nitajibiwa. Wataniambia, "Mzee, wewe umechoka na umekuwa adui wa wageni. Unataka turudi kwenye ujima." La hasha. Nchi maskini inayomfukuza mwenye mtaji ni sawa na mgonjwa anayemfukuza mganga kwa sababu jana alidanganywa na tapeli. Nimeona pia wageni waliokuja wakakaa. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilizinduliwa Mtwara Oktoba 2015, chenye uwezo wa kutoa tani milioni 3 kwa mwaka, na wapo wanafunzi wangu wanaokula kwa saruji hiyo, madereva, mafundi na mama lishe. Siwezi kusema hiyo si kitu.

Lakini tujiulize, kilimleta nini? Chini ya ardhi ya Mtwara kuna mawe ya chokaa, pembeni kuna gesi, mbele kuna bandari ya kina kirefu iliyoachwa na mzungu wa karanga. Na barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa inapitika. Vijana hawajui tabu ya zamani. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, tulivuka Rufiji kwa kivuko, na mto ukifurika tulilala Ndundu siku kadhaa tukila mihogo. Daraja lilipokwisha, kikabaki kipande cha kilomita 60 hivi kati ya Ndundu na Somanga kilichokuwa kikimeza magari kila masika. Katika miaka ile hata ungempa mwekezaji msamaha wa kodi wa miaka mia, asingeleta mtambo wake kupitia tope lile.

Hapo ndipo ninapobishana na wakubwa wa leo. Wanadhani chambo cha mwekezaji ni msamaha wa kodi. Tanzania ilitunga sheria ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje mwaka 2002, ikatoa msamaha wa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10. Kenya ilikuwa imefanya hivyo tangu 1990, miaka 10 ile ile. Majirani tunashindana kupunguza bei kama wauza mchicha wawili wa genge moja, na mnunuzi anasimama katikati akitabasamu. Na viwanda vyenyewe vikija vinakwenda wapi? Vinakwenda Dar es Salaam na kandokando ya Nairobi, kwenye umeme wa uhakika, lami, benki na mafundi. Msamaha huo huo uko wazi kwa Liwale, lakini haumpeleki mtu Liwale. Mkoa ulio nyuma hausaidiwi kwa kusamehe kodi ambayo ndiyo ingejenga barabara ya kumfikisha mwekezaji. Huko ni kula mbegu halafu ukalalamika kwamba huna mavuno.

Basi nataka nini? Nataka mambo manne, na yote yanawezekana.

Kwanza, ardhi isihame. Kijiji kibaki na ardhi yake, mwekezaji apangishwe kwa miaka inayohesabika, alipe kodi ya pango kila mwaka kwenye akaunti ya kijiji, na iandikwe kwa Kiswahili katika ukurasa wa kwanza kwamba akiondoka au akifilisika, shamba linarudi kijijini siku hiyo hiyo. Mwekezaji wa kweli hataogopa sharti hilo. Atakayeliogopa ni yule anayekuja kuchukua hati akakopee benki.

Pili, kinachoweza kutengenezwa huku kitengenezwe huku. Anayenunua korosho apewe nafuu kadiri anavyobangua, na anayesafirisha ghafi alipe, na fedha hizo zirudi kwenye korosho. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi ulikuwepo, na sehemu yake kubwa ilikusudiwa kuliendeleza zao lenyewe, lakini mwaka 2018 sheria ilibadilishwa ili zote ziende katika mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele siku zile. Walikuwa na haki.

Tatu, mafundi watangulie mitambo. Aibu yetu kubwa ni kwamba kiwanda kinapofunguliwa, mwenyeji anapewa fagio na bunduki ya ulinzi, na fundi wa umeme anatoka mbali. Kisha tunasema tumebaguliwa. Fundi hatengenezwi kwa hotuba ya siku moja. Anaanza na mtoto anayejua hesabu darasa la nne, mwenye dawati, mwenye mwalimu ambaye hakukimbia kijiji. Wakubwa wakitia saini mkataba wa mtambo utakaojengwa baada ya miaka mitano, siku hiyo hiyo waanze kufundisha vijana watakaouendesha. Juni 2022 yalitiwa saini makubaliano ya awali kuhusu mtambo wa kusindika gesi Likong'o, Lindi, mradi wa mabilioni ya dola. Watu wa Likong'o waliitoa ardhi yao kwa ajili ya mradi huo. Ningependa kujua ni vijana wangapi wa Likong'o waliopelekwa chuo cha ufundi tangu siku hiyo, majina yao yakabandikwa ukutani kwa mtendaji.

Nne, wanakijiji wapewe muda. Mkataba usipitishwe siku ulioletwa. Uletwe kwa Kiswahili, usomwe wote, watu waende nao nyumbani mwezi mzima, warudi na maswali. Kama mgeni hana subira ya mwezi mmoja kwa ardhi anayotaka kuitumia miaka thelathini na tatu, mwacheni aende. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, nasi tunawaandikia watoto methali hiyo ubaoni, kisha tunakwenda kupitisha ekari 600 kabla ya adhuhuri.

Siku ile ya turubai, hotuba ilipokwisha tuliulizwa kama kuna swali. Kimya. Wenzangu wastaafu walikuwa wanafikiria pilau. Nikanyoosha mkono. Kijana mshereheshaji alinijua, akanipa kipaza sauti kwa furaha, akitegemea Mwalimu atatoa shukrani kwa niaba ya wazee.

Nikasema, "Mheshimiwa, tumekusikia na tunakushukuru. Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Huyo mwekezaji akiondoka, shamba linarudi kwa nani?"

Watu walicheka, kama walivyocheka mwaka 2007. Mheshimiwa naye alicheka. Alisema wazee wana utani sana, akaahidi kwamba wataalamu watalitazama. Kisha tukaitwa kula.

Lakini nyuma kabisa, karibu na mwembe, niliona kijana mmoja hacheki. Ni mjukuu wa yule bibi. Ametoka kuchaguliwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Jioni alikuja kwangu, akanikuta barazani, akaniamkia, akaniuliza kama bado ninayo ile sheria ya ardhi. Nilimpa nakala yangu, imechakaa na imejaa alama za kalamu nyekundu. Tuliisoma pamoja mpaka taa ilipoanza kufifia, ukurasa kwa ukurasa, na safari hii sikuruka hata mmoja.